Komo la uso: kabla hujafikiria kisu

Baridi ya Mbeya inasitiri mengi. Juni na Julai ukipita Mwanjelwa alfajiri na kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi, hakuna anayekuuliza. Mimi yangu niliivaa mpaka Novemba, jua kali, kwa sababu ya komo, yaani mfupa wa paji uliojitokeza juu ya macho.

Nilizaliwa nikaandikwa mvulana. Mimi ni mwanamke. Homoni zimenilainishia ngozi, lakini mfupa uliokua wakati wa balehe haurudi nyuma kwa vidonge. Dada zangu mnaouliza dozi ya kushusha komo, haipo. Tafadhali msiongeze vidonge.

Anza na kivuli. Kaa chini ya taa ya darini ushike kioo: kile kiza kinachoangukia macho ndicho kinachokuuma. Sasa sogea mlangoni, mwanga ukujie usoni. Nusu yake imeondoka, na mfupa ni uleule. Ndiyo maana poda isiyong'aa, iliyokoza kidogo kuliko ngozi yako, ukiipaka kwenye ukingo wa komo tu, inasaidia sana. Chochote kinachometameta pale kinalitokeza zaidi. Nyusi nazo zina heshima yake. Mimi nilizinyoa zote kwa wembe nikachora nyingine juu. Komo likabaki wazi, linang'aa kama goti lililopakwa mafuta, na nikasubiri miezi zitokee tena. Punguza za chini tu, taratibu, tao lipande upande wa nje.

Sindano zipo. Fila, yaani dawa ya kujaza, ya asidi ya hayaluroni huwekwa kwenye bonde lililo juu ya komo ili mteremko usawazike, nayo huyeyuka baada ya muda. Lakini mishipa ya damu ya hapo imeungana na ya jicho. Fila ikiingia ndani ya mshipa inaweza kukupofusha. Niliwahi kukalishwa kwenye kiti, chumba cha nyuma, nikaonyeshwa bomba la sindano lisilo na lebo. Nikauliza ni dawa gani. "Ni ileile wanayotumia wote." Niliinuka nikaondoka. Bomba kama lile laweza kuwa na silikoni ya maji, nayo ikishaingia mwilini, kuitoa ni kazi nzito, na inaweza kukuharibu uso.

Upasuaji ndio unaogusa mfupa wenyewe. Nyuma ya komo kuna sainasi, uwazi wenye hewa, na unene wa ukuta wake wa mbele ndio unaoamua. Daktari Douglas Ousterhout wa San Francisco aliandika kuhusu hili mwaka 1987, akiyagawa mapaji kwa makundi. Mwenye ukuta mnene, au asiye na sainasi pale, husagwa mfupa tu. Mwingine husagwa kidogo, kisha bonde la juu hujazwa saruji ya mfupa. Mwenye komo kubwa na ukuta mwembamba, ukuta ule hukatwa, hutolewa, huchongwa, kisha hurudishwa ukiwa umeingia ndani zaidi, ukashikwa kwa vibati na skrubu za titani. Picha ya CT, eksirei inayoonyesha mfupa tabaka kwa tabaka, ndiyo inayosema uko kundi lipi. Yangu ilionyesha sainasi pana na ukuta mwembamba. Kusaga peke yake kungeutoboa. Daktari anayekuahidi kusaga bila kuiona picha, muage kwa adabu.

Chale hupita kutoka sikio hadi sikio, kwenye mpaka wa nywele au ndani yake. Ngozi ya kichwa hufa ganzi kwa miezi, na wengine hubaki na sehemu isiyorudi kabisa. Wanaosuka, muulizeni daktari lini mnaruhusiwa kuvuta nywele.

Na sisi wenye ngozi nyeusi tuna la keloidi, kovu linalovimba na kukua kupita jeraha lenyewe. Pandisha mkono wa blauzi utazame kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu. Langu limeinuka kama punje ya haragwe, gumu, na bado linawasha wakati wa kipupwe. Nilimtumia daktari picha ya kovu hilo kabla ya ile ya uso, na tangu siku hiyo tunazungumzia chale ya ndani ya nywele, inayofichika hata ikivimba.