Injini ya Massey Ferguson 35 Iliyokwama Baada ya Kufanyiwa Ovahoo (Matengenezo Makubwa)

Ndugu yangu, kwa kuwa umeeleza kwamba injini ya trekta lako ilizunguka kwa mkono kabla hujakaza kofia za beringi kuu (vishikio vya chuma vinavyobana krenki shafti, yaani mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini), kisha ikakwama ulipozikaza, nakusihi sana usiilazimishe kwa stata wala kuivuta kwa gari. Toa kwanza nozeli (vinyunyizio vya dizeli), maana dizeli au maji yakijaa juu ya pistoni huizuia kabisa. Ikiwa bado imekaza, egemeza trekta vizuri, fungua sampu (bakuli la oili chini ya injini), kisha legeza kofia moja moja huku ukijaribu kuzungusha krenki shafti: kofia ambayo ikilegezwa shafti inaachia ndiyo ya kuchunguzwa, kwani huenda imegeuzwa au imewekwa mahali pa nyingine. Kofia hizo huchongwa pamoja na bloku (mwili wa injini), hivyo hazibadilishiki nafasi, na tafadhali usizipunguze kwa tupa.