Faida milioni 46, benki milioni 9: fedha zimekwenda wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina diploma ya uhasibu, na huu ni mwaka wangu wa pili kwenye kampuni inayouza vifaa vya ujenzi hapa Mwanza. Kazi yangu ilikuwa kuingiza vocha na ankara tu. Hesabu za mwisho wa mwaka alikuwa anatutengenezea mtu wa nje. Mwaka huu mkurugenzi kaniambia nizitengeneze mimi, benki iliyotukopesha inazitaka na mkaguzi anakuja. Urari (orodha ya salio za akaunti zote) umebalansi na faida kabla ya kodi ni shilingi milioni 46. Lakini mwaka ulianza tukiwa na milioni 21 benki na mkononi, na tarehe 31 Desemba zilibaki milioni 9. Mkurugenzi ananiuliza hiyo faida iko wapi, sina la kumjibu. Taarifa ya mtiririko wa fedha nayo imekataa: inaniambia fedha zimepungua kwa milioni 26.4 wakati zimepungua milioni 12. Halafu lori tulilonunua, uchakavu wake (kushuka kwa thamani yake) nipige kwa viwango vya TRA, yaani Mamlaka ya Mapato? Naomba unielekeze nijifunzeje kazi hii. Nimekuambatanishia takwimu. — Msaidizi wa hesabu, Mwanza

JIBU: Marahaba. Tuanze na hiyo inayokukosesha usingizi.

Toa 12 kwenye 26.4, unabaki na milioni 14.4. Igawe kwa mbili: 7.2. Sasa pitia takwimu zako mwenyewe ukitafuta 7.2. Ipo. Deni mnalodaiwa na wauzaji wa jumla lilikuwa milioni 40, likafika 47.2. Ongezeko hilo ulitakiwa ulijumlishe, wewe umelitoa, ndiyo maana kosa limejitokeza mara mbili. Huu ni ujanja wa zamani wa madaftari: tofauti ikikusumbua, igawe kwa mbili utafute kiasi kilichokaa upande usio wake. Ikigawanyika kwa 9 bila baki, tafuta tarakimu zilizogeuzwa, mtu kaandika 54 badala ya 45.

Najua ulivyoingia kwenye shimo hilo, kwa sababu Kiswahili chetu kinatutega. Wadaiwa ni wateja waliochukua mabati na bado hawajalipa. Wadai ni wale mliochukua mzigo kwao nanyi hamjawalipa. Herufi mbili tu zinazitofautisha, lakini kwenye mtiririko wa fedha maneno hayo yanakwenda njia mbili tofauti. Wadaiwa wakiongezeka, fedha zenu zimekaa mifukoni mwa watu. Wadai wakiongezeka, fedha za watu zimekaa kwenu. Mimi kwenye karatasi zangu huandika "tunaowadai" na "wanaotudai", nisije nikajichanganya saa nne usiku.

Hesabu yenyewe, kwa milioni za shilingi, inakuwa hivi:

Faida kabla ya kodi: 46.0
Ongeza uchakavu (umepunguza faida, lakini hakuna fedha iliyotoka): 12.0
Toa ongezeko la tunaowadai (31 hadi 55): 24.0
Toa ongezeko la bidhaa stoo (60 hadi 78): 18.0
Ongeza ongezeko la wanaotudai (40 hadi 47.2): 7.2
Fedha kutokana na shughuli: 23.2
Toa kodi ya mapato iliyolipwa: 11.2
Toa ununuzi wa lori: 60.0
Ongeza mkopo uliopokelewa: 45.0
Toa marejesho ya mkopo: 9.0
Fedha zimepungua: 12.0

Riba umeniambia mmeilipa yote, kwa hiyo nimeiacha ndani ya faida ili hesabu isomeke kwa urahisi. Kwenye taarifa yenyewe ijumlishe tena kwenye faida, kisha uitoe kwenye mstari wake peke yake, maana msomaji ana haki ya kuiona.

Mkurugenzi usimpelekee jedwali hilo. Mwambie kwa maneno ya duka: "Bosi, milioni 24 za nyongeza ziko kwa makandarasi, milioni 18 zimelala stoo, na lori tumelinunua kwa milioni 60 wakati mkopo ulikuwa 45, kwa hiyo 15 zilitoka kwetu." Atakuelewa hapo hapo, na pengine ataanza kuwapigia simu makandarasi kabla hujamaliza sentensi.

Sasa usishangilie kwamba imebalansi. Umeniandikia "urari umebalansi" kana kwamba kesi imekwisha, na hapo ndipo wengi wetu tulipoanzia kukosea. Urari unakuambia kwamba kila debiti ina krediti yake. Hauna habari kama mfuko wa saruji ulioandikwa stoo upo kweli. Jaribu hili: chukulia hesabu ya stoo ilizidishwa kwa milioni 5, yaani bidhaa za kweli ni milioni 73. Faida inashuka kuwa 41, na ongezeko la bidhaa linashuka kuwa 13. Mtiririko wa fedha? Unabaki kupungua milioni 12 vilevile, umekubali kama jana. Milioni 5 za faida hewa zimepita katikati ya taarifa zote, na hakuna hata moja iliyopiga kelele.

Haya nayajua kwa kuungua. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa kazi kama yako, duka la vifaa vilevile. Nikapokea orodha ya stoo kutoka kwa mtunza stoo, nikaichapa, nikajumlisha, nikaona nimefanya kazi. Mkaguzi alipofika aliomba ankara za bidhaa kumi tu. Bidhaa saba kati ya hizo zilikuwa zimewekewa bei ya kuuzia. Mtunza stoo hakuwa mwizi. Aliulizwa "vina thamani gani" akajibu bei anayoijua, ile iliyobandikwa ukutani.

Kwa hiyo hizo milioni 78 zako ndizo ningeanza nazo. Nani alihesabu, lini, na wewe ulikuwepo? Gharama ya bidhaa ni bei ya kununulia pamoja na nauli ya kuusafirisha mzigo hadi Mwanza na kuushusha. Kama kampuni imesajiliwa VAT na mnarudishiwa kodi ya manunuzi, ile asilimia 18 isiingie kwenye thamani ya stoo. Bidhaa ambayo haitauzika kwa gharama yake ishushwe hadi kiasi mnachotarajia kupata baada ya kutoa gharama za kuiuza. Saruji iliyoshika unyevu ikaganda ni sifuri, hata kama mifuko yake bado imepangwa vizuri. Kisha angalia mzigo ulioingia siku za mwisho wa Desemba ambao ankara yake imefika Januari: kama umehesabiwa stoo na deni lake halimo kwa wanaotudai, umejitengenezea faida ya bure.

Makandarasi wanaodaiwa milioni 55 nao uwapange kwa umri wa deni. Anayedaiwa tangu mwaka juzi na simu hapokei, usimbebe mzima mzima kwenye mizania, ile taarifa ya mali na madeni. Mkurugenzi atalalamika kwamba unaikata faida yake. Mwache alalamike.

Mengine ni ya kawaida na utayamaliza kwa siku moja: usuluhishi wa benki hadi 31 Desemba (kulinganisha vitabu vyenu na taarifa ya benki), kodi ya pango mliyolipa mbele igawanywe kati ya miaka inayohusika, bili ya umeme ya Desemba iingie ingawa mlilipa Januari, na akaunti ya kusubiria, ile ya kuwekea kiasi ambacho hamjajua kinakohusika, iwe sifuri. Fedha alizochukua mkurugenzi kwa mambo ya nyumbani zisifichwe kwenye "matumizi mengineyo". Ni deni lake kwa kampuni mpaka iamuliwe vinginevyo, na ni lazima litajwe kwenye maelezo ya hesabu kwa sababu yeye ni mhusika wa karibu.

Tuje kwenye lori. Viwango vya TRA ni vya kukokotolea kodi, si vya kutengenezea taarifa za fedha. Nasema hivi nikijua kwamba kampuni nyingi ndogo hutumia viwango vya kodi kwenye vitabu, na wakaguzi wengine huwaacha. Viwango vya uhasibu vinakuuliza swali jingine: chombo hiki kitatutumikia miaka mingapi, na mwishoni tutakiuza kwa kiasi gani? Umeniambia lori ni la tani 4, mlilinunua mwanzoni mwa Januari, mnatarajia miaka 5, kisha mliuze kwa kama milioni 10. Basi uchakavu ni 60 toa 10, gawa kwa 5: milioni 10 kwa mwaka. Ukiongeza milioni 2 za vifaa vya ofisi unapata zile 12.

Kwa TRA, lori la chini ya tani 7 liko daraja la kwanza kwenye Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, asilimia 37.5 ya salio linalopungua, yaani kila mwaka inapigwa kwenye thamani iliyobaki. Mwaka wa kwanza ni milioni 22.5. Sasa angalia kinachotokea, nikichukulia kwamba vifaa vya ofisi havina tofauti na hakuna gharama nyingine inayokataliwa. Faida 46, rudisha uchakavu wa vitabu 10, toa wa kodi 22.5, unapata 33.5. Kodi ya kampuni ni asilimia 30, kwa hiyo ya mwaka huu ni milioni 10.05. Lakini tofauti ya 12.5 kati ya uchakavu wa aina mbili si msamaha. Kodi yake mtailipa miaka ya mbele, pale uchakavu wa TRA utakapokuwa mdogo kuliko wa vitabu. Asilimia 30 ya 12.5 ni 3.75, hiyo ndiyo kodi iliyoahirishwa, na inakaa kwenye madeni. Jumlisha 10.05 na 3.75: 13.8. Ambayo ni asilimia 30 ya 46 kamili. Ukiona imegonga hivyo ujue umeelewa jambo linalowatoa jasho hata wenye vyeti.

Zile 11.2 zilizolipwa ni awamu nne za milioni 2.5 na baki la milioni 1.2 la mwaka uliopita. Kwa hiyo mnadaiwa 10.05 toa 10, shilingi 50,000 tu. Usichanganye kodi iliyolipwa na kodi ya mwaka: ya kwanza ni ya mtiririko wa fedha, ya pili ni ya taarifa ya faida.

Kuhusu kujifunza, sikushauri uanze na violezo vya kupakua. Kiolezo kinakupa vichwa vya habari, na vichwa vya habari si tatizo lako. Chukua hesabu za kampuni yenu za mwaka juzi zilizokaguliwa, pamoja na urari wa mwaka huo. Funika taarifa, kaa na urari, zitengeneze upya mwenyewe kwenye Excel: mizania, faida au hasara, mabadiliko ya mtaji, mtiririko wa fedha na maelezo. Kisha funua ulinganishe. Kila mahali ulipotofautiana na yule mtu wa nje, tafuta kwa nini. Utakuta marekebisho ambayo hukuwahi kuambiwa kwamba yalifanyika. Zoezi hilo moja, ukilifanya kwa wiki tatu jioni jioni, litakupa zaidi ya semina nyingi nilizohudhuria kwa ajili ya chakula cha mchana.

Pembeni uwe na IFRS for SMEs, viwango vya kimataifa vya kampuni ndogo na za kati. Usivisome kama riwaya. Kwa biashara yenu anza na sehemu ya 13 ya bidhaa, ya 17 ya mali za kudumu, ya 7 ya mtiririko wa fedha, na ya 29 ya kodi. Toleo la tatu lilitoka Februari 2025 na linaanza kutumika kwa miaka inayoanza 1 Januari 2027, kwa hiyo ukipakua angalia umeshika toleo lipi. Kama unataka kuona taarifa kubwa zinavyoandikwa, kampuni zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam huchapisha zao. Twiga Cement itakufaa kwa kuwa bidhaa yao unaijua, ingawa wao wanatumia viwango kamili.

Kutengeneza ni kazi yako, kusaini si kwako bado. Tamko la mkuu wa fedha linalokaa ndani ya taarifa husainiwa na mhasibu aliyesajiliwa NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi, kwa hiyo mkurugenzi amtafute mapema. Ritani ya mwisho ya kodi inatakiwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa hesabu kuisha, kwenu ni 30 Juni, na foleni kwa wahasibu mwezi huo unaifahamu.

Jambo la mwisho, kabla hujapeleka chochote benki. Kwenye rasimu yako mkopo uliobaki, milioni 36, umeuweka wote kwenye madeni ya muda mrefu. Mkataba wenu unasema mnarejesha milioni 9 kila mwaka. Milioni 9 zipeleke kwenye madeni ya muda mfupi, 27 zibaki pale. Afisa mikopo ataangalia mstari huo kabla ya mwingine wowote, na ratiba ya marejesho anayo mezani kwake.