Kabla mwajiri hajakulipia ada ya shahada

Wadogo zangu mnaoanza kazi, huku kwetu Mwanza wapo waajiri wanaowalipia wafanyakazi ada ya shahada: halmashauri, benki, viwanda vya samaki, hata kampuni zinazohudumia migodi ya Geita. Natamani kila mwenye stashahada aitumie nafasi hiyo. Kwa miaka niliyokaa meza ya rasilimali watu nimeona wanaoipata ni waliowahi kuomba, na wengi wenye sifa hukosa kwa kuchelewa tu.

Kwa taasisi za umma mwaka wa fedha huanza Julai 1, na fedha za mafunzo hupangwa miezi kadhaa kabla. Vyuo vikuu hufungua Oktoba au Novemba. Ukingoja barua ya udahili ndipo uombe ada, bajeti imeshapita. Peleka jina lako mapema, Desemba au Januari, ukitaja kozi, chuo, makadirio ya ada na jinsi masomo hayo yatakavyosaidia kazi unayoifanya. Hilo la mwisho ndilo wakubwa wanalolisoma kwanza. Fundi wa maabara ya kiwanda akiomba sayansi ya chakula, haulizwi mengi.

Hakikisha Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) inakitambua chuo na kozi yenyewe. Mwenye kazi ya zamu anaweza kuangalia Chuo Kikuu Huria, kinachofundisha kwa masafa na kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Kina kituo hapa Mwanza. Na mnaotoka Sengerema, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, habari ya kungoja kivuko imekwisha.

Sasa mkataba, maana hapa ndipo watu huumia. Karatasi itasema ukihitimu utamtumikia mwajiri miaka kadhaa, na ukiondoka kabla utarudisha gharama. Ni haki yake kudai hivyo, ila soma neno kwa neno. Tuseme umelipiwa shilingi milioni 6 na unatakiwa kubaki miaka 3. Umetumikia 2, ukapata kazi Dodoma. Mkataba unaosema "gharama zote" unakudai milioni 6. Unaosema "kwa uwiano wa muda uliobaki" unakudai milioni 2. Omba huo wa pili kabla ya kusaini. Mara nyingi mwajiri hukubali, kwa sababu bado anakuhitaji.

Angalia pia mkataba unasemaje endapo mwajiri ndiye atakayekuachisha. Kwenye viwanda vya sangara hilo si la kufikirika: samaki wakipungua ziwani, wafanyakazi hupunguzwa. Mkataba ukiwa kimya, omba iongezwe sentensi moja kwamba ukipunguzwa kazi hudaiwi kitu. Uliza vilevile kuhusu kufeli somo: nani analipia marudio?

Kuna suala la makato. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara wako kiholela. Lazima sheria imruhusu au wewe ukubali kwa maandishi. Kwa hiyo ile fomu ndogo ya makato inayoambatanishwa nyuma ya mkataba ndiyo ridhaa yako. Kama tayari Bodi ya Mikopo inakukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, piga hesabu ya kitakachobaki kwa kodi ya nyumba na chakula.

Waajiri wengine hawalipi chuo moja kwa moja. Unalipa wewe, wanakurudishia baada ya matokeo ya muhula. Hapo utunzaji wa karatasi ni kila kitu. Yupo dada mmoja wa maabara aliyekuwa akija na bahasha ya kaki kila muhula: risiti ya benki, ankara yenye namba ya malipo, matokeo, na kopi ya kila kimoja. Zile risiti za karatasi laini hufutika wino baada ya miezi michache, kwa hiyo alizitoa kopi siku ileile ya kulipa. Na kila alipokabidhi maombi aliomba nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Wahasibu walipobadilishwa na faili lake likapotea, hakubishana na mtu. Alifungua bahasha, akalipwa.