Kanisa la Misheni na bahari

SWALI: Mhariri, nasikia kanisa alimolazwa Dakta Livingstone hapa Bagamoyo litamezwa na bahari. Je, ni kweli?
Msomaji, Dunda

JIBU: Ndugu msomaji, watu huchanganya makanisa mawili. Mnara wa kanisa uliopokea mwili wa Livingstone Februari 1874, kabla mwili huo haujavushwa Unguja, ni wa Mapadre wa Roho Mtakatifu, shirika la Kikatoliki, waliofungua misheni mwaka 1868. Uko ndani, mbali na ufuko. Lililo jirani na maji ni lile dogo la Waanglikana. Huko ufukweni mawimbi ya bamvua (maji makuu ya mwezi mwandamo na mpevu) hula mchanga, hasa palipokatwa mikoko kwa boriti na kuni, kwani mizizi yake ndiyo ishikayo tope. Wanaotaka ukuta wa mawe tu wa kuzuia maji (nami siafikiani nao) husahau kwamba wimbi likiugonga hurudi likichimba msingi wake.