Mbona Turkana bado ni maskini na mafuta iko?

Brathe umeuliza mbona Turkana haijatajirika na mafuta ilipatikana kitambo, shida ni kwamba kupatikana si kuuzwa. Kisima cha kwanza, Ngamia 1 huko Lokichar, kiligonga mafuta Machi 2012, lakini bomba la kuipeleka Lamu halijajengwa, mafuta ya majaribio ilibebwa na malori mpaka Mombasa, shehena ya kwanza ikaenda Agosti 2019 alafu kazi ikasimama. Sheria ya petroli ya 2019 inapea kaunti asilimia 20 ya mgao wa serikali na wenyeji 5, iko sawa kabisa, lakini asilimia 20 ya kitu haijauzwa utakula nini? Na kule kuna watu 926,976 kwa sensa ya 2019, wengi wanategemea mbuzi na ngamia, ukame ukiingia mifugo ikufe hiyo ndio benki ya familia imeisha, mafuta ichimbwe isichimbwe. Mi ningeanza na maji na barabara, na vijana wa Lokichar wafunzwe kuchomelea na umekanika saa hii, juu kazi ikianza kama hawana sertifiketi watawekwa tu kulinda geti.