Katuni za Wino Mweusi Zitazamwe kwa Mchoro Wake

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilituuliza ni sanaa gani ya zamani ambayo watu wa leo huidharau kabla ya kuitazama vya kutosha. Jibu langu ni filamu fupi za katuni za nyeusi na nyeupe, zile zilizotengenezwa kati ya mwaka 1908 na miaka ya mwanzo ya 1930. Wengi huzichukulia kuwa majaribio ya watu waliokuwa wakisubiri sauti na rangi zifike. Mimi naziona kuwa kazi zilizokamilika, na naamini tunazipuuza kwa sababu tunaingia kuzitazama tukitafuta hadithi, ilhali utamu wake umo katika mchoro wenyewe, katika namna mstari mmoja unavyozaa kitu kingine mbele ya macho yetu.

Tuanze na Fantasmagorie ya Mfaransa Émile Cohl, iliyoonyeshwa Paris mwezi Agosti 1908. Ina michoro ipatayo 700, mingi ikiwa imepigwa picha mara mbili, na yote hupita kabla ya dakika mbili kutimia. Cohl alichora mistari myeusi kwenye karatasi nyeupe, kisha akaichapisha filamu katika hali ya negativu, ndiyo maana sisi tunaona mistari myeupe gizani, mithili ya chaki ubaoni. Mkono wa mchoraji unaingia, unamchora mtu, na kuanzia hapo hakuna umbo linalotulia. Hata chupa ya mvinyo inakuwa ua. Hadithi hakuna, wala haikuhitajika.

Hata hivyo, kazi ambayo ningependa kila msomaji aifikie ni Gertie the Dinosaur ya mwaka 1914. Aliyeitengeneza ni Winsor McCay, mchoraji wa magazeti aliyekuwa mashuhuri sana nchini Marekani. Alichora maelfu ya picha za dinosaria jike kwenye karatasi nyembamba ya mchele, na kwa kuwa katika utaratibu wake mnyama na mandhari vilikaa kwenye karatasi moja, miamba, ziwa na milima vilibidi vinakiliwe upya katika kila picha. Kazi hiyo ya kunakili aliifanya msaidizi wake kijana, John Fitzsimmons. Mkono wa binadamu hauwezi kurudia mstari uleule mara maelfu bila kupotoka hata kidogo, na kwa sababu hiyo majabali ya Gertie yanatetemeka mwanzo hadi mwisho. Wapo wanaouhesabu mtetemo huo kuwa kasoro. Kwangu mimi ndio unaoipa filamu nzima uhai, maana hakuna kitu ndani yake kilichoachwa kikiwa kimekufa, hata jiwe.

Mtazameni pia Gertie anavyohema. McCay alipima muda wa pumzi zake mwenyewe ili ajue mwili wa mnyama huyo upande na kushuka kwa mwendo gani, na matokeo yake ni kwamba hata Gertie anaposimama tu, akihamisha uzito wake kutoka mguu mmoja hadi mwingine, tunausadiki uzito huo. Akikaripiwa, analia. Akiona kiu, anakunywa ziwa lote. Tembo wa kale aitwaye Jumbo anapojipitisha karibu naye, anamkamata na kumtupa majini. Mambo haya hayakuonyeshwa kwanza kama filamu ya kujitegemea, bali kama sehemu ya maonyesho ya jukwaani: McCay mwenyewe alisimama kando ya turubai akiwa na mjeledi, akimwamuru Gertie, akijifanya kumrushia tunda, na mwishoni akipita nyuma ya turubai ili McCay wa wino atokee upande wa pili na kubebwa na mnyama wake. Mtu aliyeketi ukumbini Chicago mwezi Februari 1914 aliona mchoraji na mchoro wake wakisikilizana. Sijui kama katuni imewahi kumkaribia mtazamaji kuliko hapo.

Mwaka huohuo Earl Hurd aliwasilisha maombi ya hataza ya kutumia karatasi angavu za seluloidi, ambazo ziliwezesha mandhari kuchorwa mara moja na mhusika kuwekwa juu yake. Kazi ikawa rahisi na studio zikaanza kutoa filamu kwa wingi. Miamba ikaacha kutetemeka.

Uhodari ukahamia kwingine, na hapo ndipo anapoingia Felix, paka mweusi aliyeanza kuonekana mwaka 1919 kutoka studio ya Pat Sullivan mjini New York. Aliyeziongoza filamu zake ni Otto Messmer, mtu ambaye kwa miaka mingi jina lake halikuandikwa kwenye kazi yake mwenyewe, jambo linaloniuma kila ninapozitazama. Mwili wa Felix ni doa moja la wino, lisilo na kivuli wala manyoya, kwa hiyo jicho linamfuata bila kupotea. Akipata tatizo, anafunga mikono nyuma na kutembea huku na huko akiwaza. Mkia wake unaweza kuchomoka na kuwa chombo chochote anachokihitaji; alama ya kuuliza inayotokea juu ya kichwa chake anaweza kuishika na kuitumia kama kifaa cha kazi. Felix hakuwa na sauti ya kutueleza anachofikiri, na hivyo Messmer alilazimika kulichora wazo lenyewe. Katuni nyingi zilizokuja baadaye, zikiwa na wahusika wanaoongea bila kukoma, hazikuwahi kulazimika kufikiri kiasi hicho.

Siwezi kuzisifu filamu hizi nikaufumbia macho ubaya uliomo ndani ya baadhi yake. Glavu nyeupe na midomo mikubwa ya wahusika wengi vina asili katika maonyesho ya jukwaani ambamo Wazungu wa Marekani walijipaka masizi ili kuwakejeli watu weusi. Mwaka 1932 studio ya ndugu Max na Dave Fleischer ilimshirikisha Louis Armstrong katika filamu moja ya Betty Boop, msichana wa katuni wa studio hiyo, na mle ndani kichwa cha mpigatarumbeta huyo kinaonekana kikielea angani badala ya kichwa cha Mwafrika mla watu. Mtazamaji wa Afrika hawezi kuitazama hiyo kwa moyo mweupe, wala hapaswi. Mwaka huohuo, studio ileile ilimpiga picha mwimbaji wa jazi Cab Calloway akicheza, kisha ikaifuatiza miondoko yake fremu kwa fremu, yaani picha moja moja ya filamu, kwa mtambo aliouvumbua Max Fleischer, ili kumchora mzuka wa mnyama wa baharini mwenye meno marefu akiimba pangoni katika Minnie the Moocher. Mwendo ule wa kuteleza ni wa Calloway mwenyewe, na ndio mkubwa kuliko chochote kilichochorwa kuuzunguka. Napendelea filamu zote mbili zibaki zikionekana kwa ukamilifu, pamoja na maelezo ya kweli ya zilikotoka.

Neno la mwisho ni kwa atakayetaka kuzitafuta. Ajihadhari na nakala zinazokwenda mbio, kwani filamu nyingi za kimya zilikusudiwa kwenda polepole kuliko fremu 24 kwa sekunde, na zikiharakishwa, pumzi za Gertie zinapotea. Ajihadhari zaidi na nakala za rangi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, katuni nyingi za miaka ya 1930 zilichorwa upya nchini Korea Kusini ili ziuzwe kwa vituo vya televisheni, na katika unakili huo wa haraka miondoko mingi ilirukwa na mistari ikawa migumu. Nakala za asili si vigumu kuzipata: haki miliki ya nyingi kati ya hizi imekwisha nchini Marekani, na tangu tarehe 1 Januari 2024 hata Steamboat Willie, filamu ya Mickey Mouse ya mwaka 1928, inaweza kuonyeshwa huko bila kuomba ruhusa ya mtu.