Koili yatikisika, haizunguki

*Fundi, shikamoo. Mjomba ameniletea kisanduku cha vifaa vya kuunda mota ndogo: waya wa shaba, sumaku, betri moja kubwa na pini mbili. Nimezungusha waya mara 15, nikachubua ncha zote mbili kwa wembe mpaka zikang'aa. Nikiiweka koili juu ya pini, yatikisika, yaenda kidogo kisha yarudi. Pini nazo zapata moto. Nimekosea wapi?*
*Mwanafunzi wa kidato cha pili, Kisauni*

Marahaba, mwanangu. Umechubua kupita kiasi, basi.

Waya huo una vanishi nyembamba inayozuia umeme. Ncha moja ichubuliwe yote. Ya pili ichubuliwe upande mmoja tu: isimamishe koili wima ukingoni mwa meza, ncha ilale juu ya meza, ukwangue upande wa juu peke yake. Sababu ni hii. Koili ikiwa wima, sumaku huisukuma. Ikishapinduka nusu mzunguko, msukumo ule ule huirudisha ilikotoka, ndiyo maana yako yatikisika. Vanishi iliyobaki hukata umeme wakati huo, koili ikapita kwa kasi yake yenyewe hadi shaba iguse pini tena.

Usitupe waya. Tafuta rangi ya kucha, ya dada au ya mama, isimamishe koili wima vile vile, upake upande wa juu wa ncha moja, iache ikauke kabisa. Nimewafanyia hivyo vijana wengi na mota zao zikazunguka.

Blenda za wauza sharubati wa hapa Kongowea hufanya kazi hiyo kwa njia bora zaidi. Ndani mna vipande vya shaba vilivyopangwa duara, na kaboni mbili zinazovigusa. Kila vinapopita, umeme hugeuzwa mwelekeo badala ya kukatwa, kwa hiyo hakuna nusu inayokwenda bure. Kaboni zikiisha utaona cheche, na harufu yake hutaisahau.

Na vanishi, iheshimu. Nilipokuwa najifunza kazi, nilikwaruza waya wa feni ya dari kwa bisibisi, alama ndogo kama ukucha wa mtoto. Nikaifunga hivyo hivyo. Haikumaliza dakika 10, moshi. Kazi ya siku nzima ikaenda, na waya ule niliulipia mimi.

Moto wa pini ni kwa sababu waya mfupi wa shaba haupingi umeme sana, betri ikajimwaga yote. Koili ikisimama, iondoe mara moja. Tumia betri ya volti 1.5 tu, umeme wa ukutani usiuguse kamwe kwa mchezo huu.

Pini zisugue kwa msasa kila siku unapocheza, hewa yetu ya chumvi huzifanya ziote kutu upesi. Kisha isukume koili kidogo kwa kidole, maana yenyewe haianzi. Ikikataa, isukume upande wa pili.